Yuka ndani ya bidoni: anayepanda hakuibii paseli

Goma, Kivu ya Kaskazini

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta habari ya mmea mmoja, kwa sababu mmea huo nusura ugombanishe avenyi yetu yote, na tangu siku ile kuna neno limenikaa moyoni ambalo napenda niliseme wazi.

Kuna mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Masisi. Alipitia kambini kwanza, kama wengi. Kambi zilizozunguka mji wa Goma zilipoondolewa mwezi wa pili mwaka 2025, wengine walifunga mizigo wakarudi kwao, wengine walitafuta pa kujibanza katika paseli za watu. Mama huyu alipata chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya familia moja ya hapa kwetu. Hawamtozi kodi. Yeye anasaidia kufua na kuchota maji, na jioni watoto wa pande zote mbili wanakula kwenye sahani moja.

Siku moja alitoka kufua nguo za watu kando ya ziwa, akarudi na kipande cha shina, urefu kama mkono wa mtu mzima. Mtunza bustani wa kule alikuwa amekikata na kukitupa. Mama akakifukia kando ya ua, kwenye mawe ya lava, mahali ambapo hata majani ya mbuzi hayaoti. Baada ya miezi miwili kikatoa majani ya kijani, marefu na membamba kama panga. Watoto wakafurahi. Ndipo mdogo wake mwenye paseli akarudi kutoka safari, akauona ule mmea, akauliza nani kaupanda. Alipoambiwa, aliushika kwa mikono miwili akaung'oa. Maneno yake yalisikika hadi kwangu: "Leo ni mti, kesho ni nyumba, kesho kutwa utatuonyesha hati!"

Tukaitwa kwa shefu wa avenyi, sisi majirani pia, kama mashahidi. Mama alipoulizwa kwa nini alipanda, hakuzungumza mengi. Alisema: "Papa shefu, mimi sikuwaza paseli. Kwetu hakuna nyumba isiyokuwa na kitu kilichopandwa mbele ya mlango." Kisha akanyamaza.

Mmea wenyewe ni yuka. Mnaifahamu hata kama hamjui jina lake. Ni ule wenye shina nene na kichwa cha majani makali, unaopandwa kwenye bustani za hoteli na za nyumba kubwa. Nitaeleza namna ya kuupanda na kuutunza, kwa sababu unafaa sana hapa kwetu. Lakini kwanza niseme juu ya woga.

Woga wa yule kijana si ujinga

Sitaki mtu amcheke yule kijana. Katika Kivu yetu, mti ni neno zito. Kule Bushi, Kivu ya Kusini, wazee wanatofautisha kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi amepewa udongo wa kukaa nao, na watoto wake wataurithi. Mwenye bwasa amekopeshwa kwa msimu: anapanda maharagi au mahindi, anavuna, anarudisha. Kahawa, ndizi na miti haruhusiwi kupanda, kwa sababu kitu kinachokaa miaka mingi ardhini kinaonyesha kwamba aliyekipanda naye ni wa kukaa. Huku Kaskazini majina ni mengine, lakini mawazo ni yale yale. Mgeni anapanda kitu cha miezi mitatu. Mwenyeji anapanda mti.

Na hapa Goma kuna jambo la pili. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mahali ilipopita, mipaka ya paseli ilizikwa pamoja na nyumba. Watu walisimama juu ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na moto wakijaribu kukumbuka ukuta wa nani ulikuwa wapi. Mtu aliyewahi kutafuta paseli yake chini ya jiwe ana haki ya kuogopa mti wa mtu mwingine ndani ya ua wake. Tena, damu nyingi imemwagika katika mkoa huu juu ya udongo. Anayeogopa tusimwite mjinga.

Hata hivyo, woga huo umeshika kitu kisichostahili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali, na raia anapata haki ya kuutumia kwa hati. Mti si hati. Shina lililotupwa na mtunza bustani haliwezi kusimama mbele ya mwamuzi na kusema "paseli hii ni ya bibi yangu." Kama tunataka kulinda paseli zetu, tulinde karatasi zetu, tuweke mashahidi, tuwajulishe shefu wa avenyi na shefu wa mtaa. Kumng'olea mama mmea wake hakulindi kitu.

Nasema hivyo kwa sababu ya upande wa pili, ambao hatuuzungumzii. Vita hivi vilirudi mwisho wa mwaka 2021. Kuna watoto waliozaliwa chini ya turubai, sasa wamefika umri wa kwenda shule, na hawajawahi kumwona mama yao akipanda kitu hata kimoja. Ni watoto wa wakulima! Wazazi wao walitoka kwenye vilima ambako udongo unaotesha hata fimbo ukiisahau shambani. Tukiwaambia wazazi hao, mwaka baada ya mwaka, "msipande, mtafikiri ni kwenu," tunawafundisha watoto kwamba mtu anaweza kuishi bila kuotesha chochote. Siku amani itakaporudi na njia za kwenda vijijini kufunguka, ni nani atakayejua kushika jembe?

Kwa hiyo neno langu ni hili: mkimbizi wa ndani ana haki ya kupanda, na mwenyeji ana haki ya kubaki na amani juu ya paseli yake. Haki hizo mbili zinaweza kukaa katika ua mmoja. Na yuka, ikiwekwa ndani ya bidoni iliyokatwa, ni mfano mzuri wa namna ya kuzikutanisha.

Kwanza: yuka si muhogo

Kabla sijaendelea, niwaonye juu ya jambo moja linaloweza kuumiza watu. Nimeonyeshwa ujumbe kwenye simu, wenye picha ya yuka, ukisema kwamba ni "muhogo wa jangwani", eti panda, usubiri, uchimbe, utwange unga. Si kweli. Msiule mzizi wa yuka.

Kosa linatokana na jina. Kwa Kihispania, muhogo unaitwa yuca, neno lililotoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Wazungu walipopata mmea huu mwingine wenye majani kama panga, walidhani ni ule ule, wakaupa jina hilo. Huko Uingereza, John Gerard, aliyechapisha kitabu kikubwa cha mimea mwaka 1597, naye alichanganya hivyo hivyo. Kosa lina zaidi ya miaka 400 na bado linatembea, sasa kwa simu.

Kuzitofautisha ni rahisi. Jani la muhogo ni kama kiganja kilichofunguliwa vidole. Ndilo tunalotwanga tukapata sombe. Jani la yuka ni moja, refu, gumu, limechongoka, na yote yanatoka kwenye kichwa cha shina. Mzizi wa yuka una kitu kinachoitwa saponini, ambacho kinatoa povu majini. Wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani waliutumia kama sabuni, hasa kuoshea nywele. Mbwa, paka na farasi wakitafuna yuka wanaugua. Kwa hiyo chakula ni muhogo, na ule mchungu tunajua wenyewe kwamba lazima ulowekwe siku tatu au nne kabla ya kuanikwa. Yuka ni ya ua, ya kivuli kidogo, ya kamba na ya kupendeza macho. Kila mmoja abaki na kazi yake.

Kwa nini inafaa hapa kwetu

Kuna aina zaidi ya 40 za yuka. Kwao ni sehemu kavu za Marekani na Meksiko, na nyingine zinashuka hadi Amerika ya Kati. Jimbo la New Mexico limeichagua kuwa ua lake, na nchi ya El Salvador vilevile, ambako wanaiita izote. Watu wa asili wa huko walisuka kamba, ndara na vikapu kwa nyuzi za majani yake.

Mtu ataniuliza: Goma si jangwa, mvua inanyesha, ziwa liko pale, mmea wa jangwani wa nini? Jibu liko chini ya miguu yetu. Mvua inanyesha, lakini juu ya lava haikai. Inapita katika matundu ya jiwe na kwenda zake. Siku mbili baada ya mvua kubwa, udongo wetu mwembamba umekauka kana kwamba ni mwezi wa saba. Na ziwa liko pale, ndiyo, lakini waulizeni akina mama na vijana wa chukudu ni bidoni ngapi zinapandishwa kila siku, na kwa bei gani. Katika mji ambao maji ya lita 20 yanahesabiwa, mmea unaotaka kunyweshwa kila asubuhi ni mzigo mwingine kichwani mwa mtoto wa kike.

Hilo limekwisha kutugharimu. Katika kambi moja, wakati fulani, kulikuja shirika likagawa miche ya kabichi. Ilipandwa juu ya lava, kwenye udongo wa kina cha kidole, na watu ambao walipanga mstari tangu alfajiri ili wapate bidoni mbili za kunywa na kupikia. Baada ya wiki tatu hakukuwa na kabichi. Ripoti ilisema miche iligawiwa, na kweli iligawiwa. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza maji ya kuinyweshea yatatoka wapi.

Yuka haimwelemei mtu hivyo. Inaweka maji katika shina lake na inajua kungoja. Mama akiugua wiki mbili, ataikuta. Familia ikikimbia mwezi mzima ikarudi, kuna uwezekano mkubwa itaikuta bado imesimama. Na wakiondoka moja kwa moja, wanakata kichwa chake wanakwenda nacho ndani ya mzigo, bila udongo, bila maji, na siku nyingi baadaye kitaota mahali pengine.

Namna ya kuipanda

Tafuteni kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, au kichwa chenye majani, au kichipukizi kinachotoka chini ya mmea mkubwa. Msikate usiku kwa mtu, ombeni. Watunza bustani wanavitupa kila wanapopunguza mmea. Msingoje mbegu. Kule kwao ua la yuka linachavushwa na nondo mdogo wa usiku ambaye huku kwetu hayupo, kwa hiyo mara nyingi linachanua jeupe na kuanguka bila kuzaa. Huku yuka inaongezeka kwa kukatwa na kugawanywa.

Mkishakata, msipande siku ile ile. Hapo wengi wanakosea. Wekeni kipande kivulini siku nne, tano, hata wiki, mpaka jeraha likauke na kufunga. Mkipanda likiwa bado bichi, linaoza. Wekeni alama upande wa juu kwa mkaa, kwa sababu shina lisilokuwa na majani linaweza kuwadanganya, na likipandwa kichwa chini halitaota vizuri.

Kateni bidoni ya zamani iliyopasuka, ile isiyoweza kubeba maji tena. Itoboeni chini matundu sita au saba kwa msumari wa moto. Bila matundu, mnatengeneza kaburi la mmea. Changanyeni udongo na changarawe ya lava, nusu kwa nusu. Changarawe hiyo tunayoilaumu kila siku kwa kutoboa viatu, hapa ndipo inapotusaidia: inapitisha maji haraka na mzizi unapata hewa. Ingizeni kipande kina cha sentimita 10 hadi 15, kazeni udongo kwa mikono, wekeni mawe mawili kukishikilia. Nyweshezeni mara moja. Kisha kiacheni.

Neno "kiacheni" ndilo gumu kuliko yote. Yuka yangu ya kwanza niliiua mimi mwenyewe kwa upendo. Nilinunua mifuko ya udongo mzuri mweusi, ikaletwa na chukudu, nikajaza pipa lisilo na tundu, na kila jioni nikaimwagia maji ya kuoshea vyombo. Baada ya wiki chache majani yalianza kuwa manjano. Nikafikiri ina kiu, nikaongeza maji. Siku niliposhika shina, lilibonyea kama ndizi iliyooza.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: ingizeni kidole katika udongo hadi mwisho. Ukiwa bado na unyevu, ondokeni. Ukiwa umekauka kabisa, mpeni kikombe kimoja au viwili. Ndani ya bidoni, wakati wa kiangazi, hiyo ni mara moja katika wiki mbili hivi. Wakati wa mvua, mara nyingi mvua yenyewe inatosha. Mizizi itahitaji majuma kadhaa kushika, kwa hiyo msiing'oe kila Jumapili kuangalia kama imeota!

Ipeni jua. Lakini kama ilikuwa kivulini au ndani ya nyumba, isogezeni kidogo kidogo kwa siku kumi, kwa sababu jua la ghafla linachoma majani yake. Mbolea haiitaji nyingi. Konzi ya samadi iliyooza vizuri kwa mwaka inatosha. Majani ya chini yakikauka na kulala, msiogope, ndivyo inavyokua. Yakateni au muyaache. Dalili mbaya ni shina kulainika. Hapo msipoteze muda: kateni juu, sehemu ambayo bado ni ngumu na nyeupe ndani, kausheni kivulini, pandeni upya. Mara nyingi kichwa kinapona hata kama mguu umekufa.

Tena angalieni ncha ya jani. Kuna aina zenye ncha laini inayopinda kwa kidole, na kuna zenye ncha kama sindano, inayoweza kutoboa jicho la mtoto. Mahali penye watoto wengi, chagueni ile laini. Kama hamna nyingine, punguzeni ncha kwa mkasi. Hata ile miyenzi tunayoifanyia ua ina maziwa meupe yanayounguza macho, na tumejifunza kuishi nayo kwa kuwaonya watoto. Yuka nayo ifundishwe hivyo hivyo.

Mwenye paseli akikubali ipandwe ardhini, iwekwe mbali na ukuta wa nyumba, mbali na choo na tangi la maji. Aina yenye ncha laini, ikipata nafasi, inaweza kufika urefu wa mita nane na zaidi, na mguu wake unavimba. Ndani ya bidoni inabaki ndogo, na inabebeka.

"Watu wana njaa, wewe unaleta maua?"

Najua nitaulizwa hivyo. Mzee mmoja aliniuliza pale pale kwa shefu wa avenyi, na lilikuwa swali zuri. Nilimjibu kwamba hakuna anayesema tuache lengalenga tupande yuka. Penye bidoni sita, tano ziwe za mboga. Lakini hiyo ya sita msimnyime mtu. Mwenye njaa naye ana mlango, na anapenda uwe na kitu mbele yake. Mama yule hakuwa na pesa ya pazia wala ya rangi. Alikuwa na kipande cha shina kilichotupwa.

Tena nilimkumbusha mzee kwamba muhogo tunaougombania leo kama chakula cha mababu nao ulikuja kama mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mahindi yalitoka Amerika. Maharagi yetu vilevile. Hakuna anayemwambia muhogo arudi kwao. Udongo wetu ulivipokea vyote, na vyote vikatulisha. Mzee akacheka, akasema basi hata sombe ni mkimbizi. Kikao kilipoa kidogo.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa ya shirika.

Ninyi mliokimbia vita: ombeni kabla ya kupanda, hata kama ni kitu kidogo. Semeni, "Papa, nataka kuweka mmea hapa, ndani ya bidoni, siku nikienda, nitaenda nao." Sentensi hiyo moja ingezuia ugomvi wote wa avenyi yetu. Kilicho ndani ya bidoni kinaonekana wazi kwamba hakidai udongo.

Ninyi wenye paseli: mkiombwa, kubalini. Kama moyo hauna amani, nendeni wote wawili kwa shefu wa avenyi, muandike mistari miwili kwenye karatasi ya daftari: fulani ameweka mimea ndani ya vyombo, haidai ardhi. Wekeni sahihi na mashahidi. Karatasi hiyo inalinda paseli yenu kuliko kung'oa majani. Na mkumbuke kwamba mwaka 2021, baada ya lava, sehemu kubwa ya mji huu ilikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Tulilala katika paseli za watu. Hakuna mwenyeji wa Goma mwenye umri wa akili asiyejua maana ya kupokelewa.

Na ninyi mashefu wa avenyi: siku ya salongo, tunapofagia mitaro na kuokota mifuko, tengeni saa moja ya kugawana vipande vya mimea. Mwenye bustani alete alichopunguza, asiye nayo aondoke na kimoja. Watu waliopeana mche wanasalimiana kwa namna nyingine siku ya pili.

Kuhusu ule mmea wa mama yetu: shefu wa avenyi aliamua ubaki, lakini ndani ya chombo. Mizizi ilikuwa imekatika, kwa hiyo tuliukata juu ya jeraha, tukaukausha siku sita nyuma ya jiko langu, na mama mwenye paseli mwenyewe ndiye aliyetoa bidoni ya njano iliyopasuka. Kwa wiki nyingi haukuonyesha kitu. Juma lililopita nilipita pale nikaona jani jipya katikati, dogo, limesimama wima. Yule kijana alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema neno, mimi pia sikusema. Lakini bidoni ilikuwa imesogezwa mahali jua linapofika, na mama aliniambia si yeye aliyeisogeza.

Kiangazi kiko mbele yetu. Mwenye yuka kubwa asitupe vichwa atakavyokata. Avikaushe, aviweke barabarani, na amwulize jirani aliyekuja na mzigo kichwani kama angependa kimoja.

Ni mimi, mwandishi wenu wa mtaani, Goma.